Hodi Kwenye Mji Usio na Milango

Asubuhi niliyoondoka, theluji ya mwisho ya mwaka ilikuwa bado imelala kwenye kona ya maegesho ya fleti zetu pale Columbia Heights, kando ya Minneapolis: lundo moja jeusi kama makaa, lenye changarawe, vifuniko vya chupa na glavu ya mtu. Ilikuwa mwisho wa Aprili. Nilikuwa na siku tisa za likizo ambazo msimamizi wangu aliniambia nisipozichukua zitapotea, na mimi sijazoea kuacha kitu kama hicho kipotee.

Nilikuwa nafunga begi wakati mwenzangu aliponigongea mlango wa chumba.

"Hodi! Umeamka ama niendelee kupiga kelele?"

"Karibu, sista."

Tunaishi wawili. Yeye ni mtu wa Kisii, amenizidi miaka kumi, na ninamwita sista kwa sababu kwetu Kenya ndivyo tunavyowaita wauguzi. Anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee kule Bloomington. Katika jengo letu zima la ghorofa tatu, ni yeye peke yake anayepiga hodi. Wengine wakija kukutembelea hukaa ndani ya gari na kukutumia ujumbe kwamba wamefika, ushuke.

Aliingia na vikombe viwili vya chai, bado amevaa sare ya kazini. Akalitazama begi, kisha akanitazama mimi.

"Unaenda wapi sasa?"

"Sijui."

"Hujui. Na begi limejaa."

"Nitajua nikifika uwanja wa ndege."

"Nyinyi watu wa pwani mna shida. Mtu akipewa ofu hulala. Huosha nywele. Huwapikia wenzake."

"Nikupikie nini, na wewe pilipili yenyewe unaitoroka?"

"Haya, nenda. Ukipotea huko nitamwambia nini mama yako?"

"Mwambie nilikuwa nimeshiba."

Akacheka, akaketi kitandani kwangu bila kuuliza, akaanza kunisimulia juu ya mzee mmoja kazini kwake. Mzee huyo aliletwa Minnesota na wazazi wake kutoka Norwe akiwa mtoto mdogo. Ameishi kwa Kiingereza maisha yake yote, amefundisha shule kwa Kiingereza, na sasa, katika muda wa miezi michache, Kiingereza chote kimemtoka. Kimebaki Kinorwe cha mama yake. Watoto wake wakija wanamsikiliza tu, wanalia, wanaondoka.

"Na wewe unamjibu nini?" nikamuuliza.

"Nimejifunza maneno mawili. Asubuhi njema, na kahawa. Yanatosha. Siku hizi ananipenda kuliko wote."

Kabla sijafunga zipu alitumbukiza pakiti ya majani ya chai ndani ya begi langu, chai ya kwetu, tuliyoletewa na msafiri. "Huko uendako hawajui chai," akasema, kana kwamba amekwisha kujua niendako.

Kazi yangu ni kupakia mizigo kwenye ndege. Wanawake tuko wachache, mgongo unauma, na wakati wa baridi kope zinagandamana. Lakini kazi hiyo ina jambo moja ambalo nisingelipata ofisini: kiti kikibaki kitupu, naruhusiwa kukikalia. Huwezi kuchagua. Unaandika jina lako kwenye orodha, unasubiri karibu na mlango, na wakikuita unakwenda. Wenzangu wengi hawapendi namna hii ya kusafiri kwa sababu hawajui watalala wapi. Mimi naona niliumbwa kwa ajili yake. Niliacha shule darasa la sita, wala hakuna aliyenifukuza. Dawati lilinichosha tu, na dirisha la darasa lilikuwa linatazama barabara. Tangu hapo nimeuza mitumba Tanga, nimefua nguo Maskati, nimepika kwenye harusi za watu Mombasa, na kila nilipokwenda nimeuliza maswali mpaka watu wakanichoka.

Nilishuka na basi la Central Avenue hadi katikati ya mji, nikachukua treni hadi uwanja wa ndege. Kufikia saa sita mchana niliitwa. Baada ya kubadilisha ndege mara moja nilikuwa Athene, macho yamevimba. Nikaenda bandarini nikamwuliza mwanamke wa tiketi ni meli gani inayoondoka kwanza kwenda mbali. Akaniambia: ya kisiwa cha Rodo. Nikampa pasi yangu.

Asubuhi ya pili nilishuka Rodo. Nikanunua mkate wenye jibini ndani, nikapanda basi la kwanza lililokuwa linanguruma kwenye stendi. Basi lilifuata pwani ya magharibi ya kisiwa, bahari mkono wa kulia, mashamba ya mizeituni mkono wa kushoto. Baada ya saa moja na kitu nikaona kibao cha kahawia kimechorwa nguzo. Neno lilikuwa Kamiros. Nikabonyeza kengele.

Kibao kilisema ni mwendo mfupi. Kibao kilikuwa kijana. Mimi nilipanda kilima kile nikisimama kila kona kuvuta pumzi. Lakini nilipofika juu nikaona kwa nini waliujenga mji mahali pale. Mlima umejikunja kama kiganja kinachokinga maji, na mji umo ndani ya kiganja hicho, ukiteremka ngazi kwa ngazi kuelekea baharini. Chini kabisa kuna uwanja wa watu wote na misingi ya hekalu. Katikati kuna barabara moja ndefu inayopanda, na nyumba zimesongamana pande zote mbili. Hakuna dari hata moja. Kuta zimebaki hadi magotini, kiunoni, mahali pengine hadi kifuani. Maua mekundu yalikuwa yameota vyumbani.

Bango la maelezo lilikuwa na Kiingereza. Kiingereza changu nimekiokota barabarani, kwa hiyo ninakisoma polepole, kidole juu ya mstari, na sioni haya. Lilisema mji uliangushwa na tetemeko la ardhi, wakaujenga tena, ukaangushwa tena. Mwishowe watu wakahama. Udongo ukaufunika, na kwa karne nyingi watu wakachunga na kulima juu yake bila kujua.

Nilichotaka kujua mimi ni kitu kimoja: maji waliyapata wapi? Mji uko juu, mto haupo. Kwa hiyo nikapanda barabara ile yote, nikitafuta, mpaka kileleni, na huko nikaliona birika. Ni shimo kubwa la mstatili lililochongwa na kupakwa lipu, lina ngazi za kushukia. Maji ya mvua yalikusanywa pale juu, halafu yakateremka kwa mabomba ya udongo hadi kwenye nyumba. Vipande vya mabomba bado vipo. Nikapiga magoti, nikaigusa ile lipu. Nilipoigusa nikajikuta nipo kwetu.

Maana mimi nimekulia karibu na magofu. Nyuma ya mashamba yetu, mwendo wa kuchunga mbuzi, kulikuwa na mji wa kale wa mawe ya matumbawe, wenye misikiti, mabirika na nyumba zisizo na paa. Sisi watoto tulicheza humo kila siku. Nyanya yangu alituruhusu kwa sharti moja: kila kizingiti tupige hodi kwanza. Nyumba kukosa mlango si kukosa mwenyewe, alisema. Tulikuwa tunapiga hodi mara tatu, tunangoja kidogo, halafu tunaingia tukijifanya tumejibiwa. Mbuzi hawakupiga hodi, na ndiyo sababu, kwa mujibu wa nyanya, wengine walipotea.

Kwa hiyo niliposhuka kutoka birikani na kufika kwenye nyumba moja yenye ua wa nguzo, nguzo nyembamba nyeupe zilizosimamishwa upya, mguu wangu ulisimama wenyewe kwenye kizingiti. Kizingiti kilikuwa kimelika katikati kwa kukanyagwa.

"Hodi," nikasema. "Hodi. Hodi wenyewe."

Upande wa pili wa ukuta mashine ya kukatia nyasi ikazimika. Kichwa cha mwanamume kikachomoza, mtu wa miaka sitini hivi, uso umejaa vipande vya majani, miwani ya kazi juu ya paji. Alikuwa mmoja wa wafanyakazi wa pale, wanaosafisha magofu kabla watalii hawajawa wengi.

"Umesema nini?" akauliza kwa Kiingereza.

Nikadhani nimevunja sheria. "Samahani. Nilikuwa nasalimia tu."

"Rudia."

"Hodi."

Akauruka ule ukuta kama kijana, akaja akasimama mbele yangu. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokota kama changu, kwa hiyo tulielewana vizuri sana.

"Hicho ni Kiswahili."

"Ndiyo. Umekijulia wapi?"

"Mama yangu. Kila jioni. Tafadhali, kaa."

Tukaketi juu ya ukuta wa chumba cha mtu aliyekufa zamani, akanipa maji ya chupa yake, akanieleza. Wazazi wa mama yake walikuwa Wagiriki waliolima mkonge Tanga. Mama yake alizaliwa huko, akalelewa na yaya, akaja kisiwani msichana mkubwa, akaolewa. Kwa wanawe hakuwahi kusema hata neno moja la lugha ya huko. Kisha, majira mawili ya baridi yaliyopita, Kigiriki kikaanza kumponyoka, na chini yake kikatokea kitu ambacho nyumbani kwake hakuna aliyekijua.

"Ana miaka themanini na saba," akasema. "Mchana hana shida. Shida ni jioni. Anatoka uani, anarudi mpaka mlangoni, anasimama. Anasema *hodi*. Haingii. Hata robo saa, hata nusu saa. Miguu inatetemeka. Mwezi uliopita alianguka pale pale."

"Nanyi mnafanya nini?"

"Nilitafuta kwenye simu. Simu imesema nijibu *karibu*. Najibu. Kila siku najibu. Haingii. Nikimshika kumwingiza anapiga kelele kama mtu anayeibiwa. Majirani wanasikia." Akang'oa jani moja la nyasi, akalipasua katikati. "Dada yangu anakaa Athene. Anakuja Jumapili. Ameshapata nafasi katika nyumba ya wazee huko. Amesema akimkuta bado anasimama nje, anamchukua. Na hakosei. Mama akianguka mara ya pili, mfupa utavunjika. Lakini mama hajawahi kuipenda Athene hata siku moja."

Siku ile ilikuwa Alhamisi.

Nikamwambia mimi si daktari wala mwalimu, ni mpakia mizigo kutoka Minneapolis.

"Mizigo ya namna gani hiyo inayokufundisha Kiswahili?" akasema, na kwa mara ya kwanza akacheka. Kisha akaliangalia begi langu. "Hoteli yako iko wapi?"

"Sijaipata bado."

"Basi la mwisho kwenda mjini ni saa kumi na moja. Njoo umwone, nitakuwahisha."

Hakuniwahisha, wala sikumkumbusha. Tulipofika kwake kwa pikapu, basi lile lilikuwa linapita barabara ya chini. Nyumba yake ilikuwa ya chini, nyeupe, katika kijiji cha nyumba chache, na ua wenye mndimu na makopo ya mafuta yaliyopandwa rihani. Mkewe alitoka jikoni, mikono ina unga. Hakujua Kiingereza, alinisalimu kwa kunigusa kwa kiwiko ili asinichafue.

Jua lilikuwa bado liko juu ya bahari kiasi cha shubiri moja. Mama mwenyewe alikuwa kwenye kiti chini ya mndimu, mdogo kama ndege, kitambaa cheusi kichwani. Sikutaka kumstusha, nikabaki kando ya pikapu. Baada ya muda aliinuka, akatembea polepole kuzunguka ua kama mtu anayetoka mbali, akafika mbele ya mlango uliokuwa wazi. Akavua kandambili. Akazipanga vizuri, moja kando ya nyingine.

"Hodi," akasema.

Kilikuwa Kiswahili kisafi, cha Tanga, sauti ya mtoto aliyefundishwa adabu.

Mwanawe akaenda haraka akasimama kando yake, akamshika mkono, akainama sikioni. "Karibu, mama. Karibu. Karibu."

Mama hakumtazama. Alikuwa anatazama ndani ya nyumba. "Hodi," akasema tena. "Hodi wenyewe."

"Karibu," akasema mwanawe, na jasho linamtoka.

Hapo nikaona kosa lilipo, na nikacheka, Mungu anisamehe, nikacheka kwa sauti. Yule jamaa akanigeukia kwa hasira.

"Unacheka nini?"

"Wewe uko nje!"

"Ndiyo, niko nje, nimemshika asianguke!"

"Mtu aliye nje hawezi kukaribisha. Wewe ni mgeni kama yeye. Sauti lazima itoke ndani."

Akanitazama kama niliyemwambia jiwe linaongea. "Lakini hii ni nyumba yake. Mlango uko wazi. Anamuomba nani?"

"Aliye ndani. Kama hakuna aliyejibu ndani, basi nyumba ni tupu, na nyumba tupu haiingiwi. Alifundishwa hivyo. Hata mimi nilifundishwa hivyo."

Sikungoja aelewe. Nikazunguka nyumba, nikaingia kwa mlango wa jikoni, nikampita mkewe na unga wake, nikasimama katikati ya sebule mahali ambapo mwanga wa mlangoni haufiki. Nikasikia nje, kwa mara ya tatu, ile sauti ndogo: "Hodi."

"Karibu!" nikajibu. "Karibu ndani, bibi. Pita, pita, tupo."

Halafu nikasikia nyayo za miguu mitupu juu ya sakafu.

Aliingia. Hakushikwa na mtu. Alipita karibu yangu, akaketi kwenye kochi, akashusha pumzi ndefu.

"Nilidhani hamna watu," akasema.

"Tupo, bibi. Tulikuwa jikoni."

"Mlikuwa jikoni." Akanitazama kuanzia kitambaa cha kichwa hadi miguu. "Mbona miguu ina vumbi hivyo? Umetoka wapi wewe?"

"Natoka mbali."

"Nenda ukanawe. Kisha uje unisuke."

Sijui alimwona nani. Labda yule yaya. Nilimfikiria sana mwanamke huyo jioni ile, ambaye hakuna mtu katika nyumba hiyo aliyejua alikuwa akiitwa nani, wala kama alikuwa na watoto wake waliomsubiri mahali. Alimbeba mtoto wa watu, akamfundisha kuvua viatu na kungoja ajibiwe, na katika yote aliyofundishwa mtoto yule na shule, na kanisa, na mume, hilo ndilo lililobaki mwisho.

Mwanawe alikuwa amesimama mlangoni, hajui aingie au asiingie. Nikamwambia: "Wewe ingia tu, wewe hukulelewa vizuri." Akaingia akifuta macho kwa mkono wenye harufu ya nyasi.

Lakini mimi ningeondoka, na Jumapili ilikuwa inakuja. Kwa hiyo, wakati mama anakunywa supu yake, nikamchukua mkewe jikoni nikamfundisha. Neno lenyewe alikuwa amelisikia kwa mumewe mara elfu. Nililomfundisha ni mahali pa kulisemea. Asimame pale karibu na jiko. Asitoke. Asubiri hodi ya kwanza tu, asimchoshe. Na aseme kwa sauti ya mtu mwenye shughuli zake, si ya kubembeleza. Mumewe alitafsiri, wakabishana kwa Kigiriki, na ilionekana mke ndiye aliyeelewa upesi zaidi.

Hatukungoja sana. Mama alimaliza supu, akatoka uani kama kawaida yake kuangalia rihani, akazunguka, akarudi. Kandambili zikapangwa. Sisi wawili, mimi na mwanawe, tulikuwa nyuma ya pikapu, tumeinama kama wezi.

"Hodi."

Kutoka jikoni, kwa *r* iliyozungushwa kama gurudumu, katikati ya mlio wa sufuria: "Karibu!"

Mama akaingia moja kwa moja. Hata hakupunguza mwendo.

Yule jamaa alinishika bega akalitikisa mpaka likauma. Kisha akatoa simu akampigia dada yake. Sikuelewa maneno, lakini nilisikia katikati yake neno *hodi*, na *karibu*, na mikono yake ikionyesha ndani na nje, ndani na nje, kwa mtu asiyeweza kuiona. Alipokata alisema dada yake bado anakuja Jumapili. "Anakuja kuona kwa macho yake," akasema. "Nimemwambia avae viatu rahisi kuvua."

Jua likawa limezama nusu. Nikaenda kwenye pikapu kuchukua begi langu, nikitaka kuuliza kama kijiji kina mahali panapokodisha vyumba. Nilipogeuka, uani hapakuwa na mtu. Wote walikuwa wameingia, na mlango ulikuwa wazi mbele yangu. Nikavua viatu. Ulimi ukafanya kazi yake kabla sijaufikiria.

"Hodi."

Nikasikia mke anacheka jikoni. Lakini aliyejibu hakuwa yeye. Sauti ilitoka kwenye kochi, kubwa kuliko nilivyoitegemea, sauti ya mwenye nyumba.

"Karibu. Nani huyo? Ingia. Umeniletea nini?"

Nikaingia, nikafungua begi pale pale sakafuni, nikatoa ile pakiti ya sista.

"Majani ya chai, bibi."

Akaipokea, akainusa kupitia karatasi, akafumba macho. Kisha akaisukuma mikononi mwangu. "Kapike. Tia maziwa. Na usiweke begi njiani, watu watajikwaa. Weka chumba kile."

Chumba kile kilikuwa na kitanda chembamba, madebe matatu ya mafuta ya zeituni, na dirisha lililotazama kilima cha magofu. Nikaweka begi chini ya kitanda, nikaenda jikoni kutafuta sufuria.